Geti Likae Mbele Yangu

Jumatatu, 2 Juni

Nimeshtuka mpaka nimesahau kutia chumvi kwa maharagwe. Bandari inakuja! Si Mombasa, huko iko tayari. Inakuja hapa kwetu Kitengela, upande wa kwenda Isinya, mahali hata maji ya kunywa hutufikia kwa punda.

Baraza ilikuwa kwa chifu. Injinia wa mradi, anaitwa Sandra, kofia ngumu ya njano, alieleza polepole kama mtu anayelisha mtoto uji. Meli zinapanga foleni baharini kwa sababu bandari imejaa. Sasa makontena yakishushwa yatapanda treni moja kwa moja, yaje kukaguliwa na kulipiwa ushuru huku bara. Malori yatachukulia hapa. Kazi zitakuwa nyingi: makarani, madereva, walinzi, watu wa mashine. Bwanangu Parmuat, ambaye anauza mbuzi na hawezi kunyamaza penye watu, akauliza sasa bahari yenyewe italetwa na nani. Watu walicheka mpaka chifu akagonga meza. Injinia hakukasirika. Alisema bahari itabaki kwao, mizigo ndiyo itatutembelea.

Mimi nilikuwa na swali moja tu. Geti litakuwa wapi? Akasema bado wanapima, tuwe na subira.

Subira! Kibanda changu cha chapati kinaangalia huo uwanja wa mradi, kuvuka tu barabara ya vumbi. Hoteli ya Keziah inauangalia pia, hatua thelathini kutoka kwangu. Iko na tiles na veranda. Geti likikaa mbele yangu, madereva wote watakula kwangu, na Koinet wangu, ambaye saa hii ana meno mawili tu, atasoma mpaka aendeshe ile mashine ya kuinua makontena. Likikaa mbele ya Keziah, mimi na mtoto tutakula vumbi.

Nikamwangalia Keziah. Keziah akaniangalia. Tulielewana.

Tulipewa soda na mkate. Nilitia sahihi mara mbili, moja ya Koinet. Si waliita umma? Yeye pia ni umma.

Jumanne, 3 Juni

Wapimaji wamefika. Msimamizi wa vibarua ni Omolo, mrefu kama nguzo ya stima, mtu wa heshima, alimsalimia hata Koinet. Wamepigilia vigingi kumi na kimoja vyenye utepe mwekundu.

Na wapi? Mbele ya Keziah! Vinatoka kwa uwanja, vinavuka barabara, vinapita kando ya veranda yake, vinateremka hadi korongoni. Nimekaa chini kwa mtungi wa maji. Hakuna aliyeniambia, lakini niliacha shule darasa la saba, sikuacha akili. Hiyo ndiyo njia ya geti. Mbona inaelekea korongoni? Labda malori yatageukia huko. Wao ndio wamesoma.

Keziah alimpatia Omolo nyama ya kuchemsha kabla hata hajaketi. Waliongea sana. Keziah alishika kichwa kwa mikono miwili. Furaha imemzidi.

Jumatano, 4 Juni

Nimemlisha Omolo. Chapati tatu, maharagwe, avokado nusu. Nikamuuliza kwa upole kama vigingi vikishapigwa huwa vinaweza kusongezwa kidogo. Akasema yeye hupigilia tu anapoambiwa, na vibarua Jumatatu watachimba palipo na vigingi. Maswali mengine nimuulize injinia. Akaomba chapati ya nne.

Mtu wa siri sana. Ama ningempatia nyama.

Jioni nimemwambia Parmuat kwamba Keziah ametuzidi ujanja. Alisema geti si mbuzi, haliwezi kuvutwa kamba. Akalala na viatu.

Alhamisi, 5 Juni

Mbuzi wa Yeyo, mama yake Parmuat, wamekula tepe zote nyekundu. Zote! Omolo alipiga kelele, Yeyo akamwambia asifunge chakula kwa mti kama hataki kiliwe.

Lakini mimi niliona kitu. Mbuzi mmoja alivuta utepe na kigingi kikalala. Kikalala hivyo tu, kama jino la mtoto. Kumbe hakijaingia sana. Kigingi ni kijiti. Kijiti hung'olewa.

Sijaandika hivyo nikiwa na nia yoyote.

Ijumaa, 6 Juni

Nia iko.

Leo Keziah ameleta pasta na akina mama sita wa kanisa. Wamezunguka vile vigingi wakiimba, pasta akivipaka mafuta kimoja kimoja, na Keziah akilia machozi ya kweli. Anabariki geti! Hata halijajengwa! Na hajala mchana siku tatu sasa. Mtu akiona utajiri unakuja huwa hata njaa haisikii.

Nilipopita na ndoo aliniambia nimuombee. Nimuombee tena! Mwenye kisu anaomba nyama kwa mwenye kidole. Nilimwambia sawa, Mama Shiro, nikaenda zangu. Koinet alimpungia mkono. Mtoto hana siasa.

Jumapili, 8 Juni

Imefanyika.

Keziah huimba kwaya. Ibada yao inaanza saa tatu na pasta hajui saa saba ni saa ngapi. Vibarua hawako. Parmuat alienda Kajiado kuangalia mbuzi wa mtu. Nilimfunga Koinet mgongoni, nikachukua rungu ya Parmuat ya nyuma ya mlango, ile ya sherehe, yenye kichwa kizito.

Nikang'oa cha kwanza. Nikahesabu hatua thelathini. Nikapiga. Koinet alicheka kila rungu iliposhuka. Vigingi kumi na kimoja, jua la Kitengela, mtoto mgongoni, na si kwamba nilivitupa tu. Niliviweka kwa mstari, nimenyoosha na kamba ya nguo. Kazi ikifanywa ifanywe. Vinavuka barabara, vinakuja hadi kwangu, vinateremka korongoni nyuma. Kigingi cha tano nilikiweka pale pale mlangoni, karibu na jiko, ili geti lisije likawa na ubishi.

Aliyeniona ni punda wa maji peke yake.

Moyo uliniuma kidogo juu ya Keziah. Halafu Koinet akalala na mkono wake kwa shingo yangu, moyo ukaacha kuuma.

Parmuat aliuliza mbona rungu iko na udongo. Nikasema nimeua nyoka. Akataka kumwona. Nikasema alienda.

Jumatatu, 9 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nilipika unga wa wiki nzima. Vibarua ishirini walikuja na majembe na sururu, wakaanza kwa uwanja, wakafuata vigingi vyangu bila kuuliza. Nilisimama mlangoni na Koinet nikimwonyesha: angalia, geti linakuja kwa mama. Wakavuka barabara. Shimo lilikuwa refu kuliko nilivyofikiria. Nikasema labda geti ni zito. Saa sita walifika kwa benchi la wateja. Benchi likaenda. Nikamuuliza Omolo hii nguzo ya geti inaingia chini namna gani.

Omolo aliniangalia kwa huruma. Akasema hakuna geti hapa. Huu ni mtaro. Maji yote ya mvua ya bandari nzima, pamoja na yale ya kuosha uwanja, yatapita hapa kwenda korongoni. Hata yeye anashangaa, alifikiri ulikuwa unapita kwa yule mama mwingine, lakini yeye ni mtu wa vigingi.

"Pole sana, mama. Hebu tusaidie kutoa jiko."

Mtaro! Nimejiletea mtaro! Ningemwambia vigingi vinadanganya, lakini angeuliza ni nani aliyevifundisha. Nikatoa jiko. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Saa nane nguzo moja ya kibanda ilikuwa inaning'inia juu ya shimo kama inafikiria.

Na bado sijafika penyewe. Keziah alikuja mbio na kanga imefunguka, akanishika mabega. Kumbe Omolo alimwambia tangu Jumanne kwamba mtaro utakula veranda yake. Ndiyo sababu ya kufunga. Ndiyo sababu ya mafuta. Siku tano bila chakula cha mchana akiomba vigingi viondoke, na Jumapili, akiwa kwa kwaya, vikaondoka vyenyewe! Atatoa ushuhuda. Alilia tena, akasema anasikitika tu kwamba vimeangukia kwangu, njia za Mungu ni nyingi. Akaniletea ndengu.

Nimezila. Zilikuwa tamu. Hiyo pia imeniuma.

Jumanne, 10 Juni

Leo ningependa kutokuwa na mdomo.

Injinia Sandra alifika asubuhi. Akaangalia mtaro. Akafungua karatasi yake kubwa. Akaangalia tena mtaro. Watu wote tulikuwa pale, maana shimo huita watu. Akamuuliza Omolo kwa sauti ndogo ni nani aliyehamisha vigingi. Omolo akasema hajui, alivikuta hivyo. Injinia akasema basi kama msimamizi hajui vigingi vyake viko wapi, arudishe kofia leo.

Omolo akavua kofia. Hakubishana. Aliipangusa vumbi kwanza ndipo akaishika vizuri kuirudisha.

Mtu mmoja nyuma akasema ni mbuzi. Wote wakamgeukia Yeyo. Yeyo akasimama na fimbo yake, akasema kwa Kiswahili chake cha kupima:

"Mbuzi yangu inakula. Haipimi shamba."

Nilimwangalia Omolo na ile kofia. Alikula chapati zangu nne na kumsalimia mtoto wangu kila siku. Nikasikia sauti inaongea, kumbe ni yangu.

"Ni mimi, Injinia. Nilivihamisha Jumapili na rungu ya Baba Koinet."

Parmuat akasema taratibu, kama mtu aliyepata jibu la hesabu ya zamani, kwamba kumbe hakukuwa na nyoka.

Keziah akaketi kwa lundo la udongo. Ushuhuda alishatoa jana jioni, kanisa lilipiga makofi. Aliniangalia muda mrefu.

"Mama Koinet. Kwa hivyo malaika wangu ni wewe."

Sikujua kama hayo ni matusi. Hata yeye nafikiri hakujua.

Injinia alimrudishia Omolo kofia. Kisha akaniita karibu na karatasi, akaniuliza kwa nini. Nikamwambia ukweli: nilitaka geti. Akaweka kidole kwa mchoro, mahali mistari miwili inafunguka kama mdomo.

Hapo ni kwangu. Mbele ya kibanda changu! Geti la bandari, tangu mwanzo, kabla ya baraza, kabla ya Keziah, kabla ya rungu. Lilikuwa langu nikiwa nimeketi tu nakanda unga.

Yeyo alimchukua Koinet nisimwangushe.

Lakini kuna mengine. Injinia alisema mtaro utarudi kwa Keziah, utafunikwa kwa zege, na hatapoteza veranda, ni vyungu vya maua tu. Hapa kwangu udongo umeshachimbwa, ukijazwa utakuwa laini, hauwezi kubeba malori ya makontena. Kwa hivyo itabidi geti lisongee hatua thelathini.

Nilihesabu hizo hatua kwa macho. Sikuhitaji. Nazijua.

Alhamisi, 12 Juni

Wamejaza mtaro. Kibanda kimesimama, kimeinama kidogo upande wa Isinya. Keziah ameenda kumuuliza pasta kama ushuhuda unaweza kurekebishwa. Pasta amesema mavuno ni mavuno.

Na sasa habari ambayo bado siiamini. Niko na kazi! Kazi ya bandari!

Omolo alisema mradi unatafuta mwenyeji wa kulinda vigingi mchana dhidi ya mbuzi na watu. Alimwambia injinia hakuna anayejua jinsi vigingi hutembea kuliko mimi. Injinia alicheka mpaka akavua miwani, halafu akaandika jina langu. Naserian. Mtu wa kwanza wa kijiji chetu kuajiriwa na bandari, na hata meli moja sijawahi kuiona. Nimepewa koti la kung'aa. Koinet analilamba. Parmuat amenizunguka mara mbili kama anayenunua ndama, akasema linanikaa. Rungu yake ameihamishia kwa Yeyo.

Nimejifunza. Mtu asiguse kitu asichokielewa. Nimeiandika hapa ili nikisahau nisome.

Tangu asubuhi nimeketi hapa chini ya mwavuli na mtoto nikilinda vigingi vya geti. Sasa viko na utepe mweupe, viko vinne, viwili kila upande, mbele kabisa ya Keziah. Ni kazi nzuri, mtu anapata muda wa kuangalia. Na ukiangalia sana unaona mambo. Kile cha mwisho upande huu, kwa mfano. Kimepinda. Hakijapinda sana, lakini mimi ni mlinzi, siwezi kuacha kigingi cha serikali kimepinda. Nikikitoa nikinyooshe, na kwa bahati kikirudi hatua mbili tatu upande wa kwangu, hakuna lori litakaloona tofauti.

Jumapili Keziah ana kwaya.

Nimepima mchi wa kinu kwa mkono. Uzito wake ni kama ule wa rungu.