Dubu Mweupe wa Seven Hills

Jumamosi, 7 Agosti 2021

Nimeporwa. Mchana kweupe, mbele ya watu sitini na watatu, na hakuna hata mmoja aliyepiga kelele.

Jumamosi tano mfululizo, tangu tufungiwe ndani, ni mimi niliyekuwa nikihutubia jumuiya yetu ya wasemaji wa Kiswahili kwenye Zoom, saa tisa alasiri. Mada: "Namna ya Kuinua Mzigo Bila Kuumiza Mgongo". Mimi ni mkufunzi wa usalama kwenye ghala hapa Seven Hills, Sydney. Ninajua ninachosema. Leo ilikuwa Sehemu ya Sita. Asubuhi Mama Chibalonza, katibu wetu, akanipigia simu. Eti watu wamechoka kidogo na migongo. Eti leo tumsikilize Balthazar wa Cabramatta.

Balthazar! Mlezi wa wazee. Mtu anayesema "aksanti".

Kumbe mwaka 2019 bibi mmoja Mwaustralia aliyekuwa akimtunza alimchukua wakapanda meli hadi Aktiki, kule juu kabisa ya dunia, kutazama wanyama. Kazi yake ilikuwa kumshika bibi mkono asianguke. Basi leo tumeonyeshwa picha mia mbili. Boti la mpira. Makoti mekundu. Halafu walrasi, jinyama kubwa kama sofa, lenye masharubu na meno mawili marefu hadi kifuani. Mamia yao wamelala ufukweni kama magunia ya viazi, wananuka kama mtaro. Mmoja anajaribu kumpanda mwenzake ili alale juu yake. Anateleza. Anapanda. Anateleza. Bibi akasema huyo ni mume wake wa pili hasa.

Upuuzi! Lakini Abigail alicheka. Mke wangu ni nesi hospitali ya Westmead, wadi ya Covid. Tangu Juni anarudi, anaoga, anakaa ukingoni mwa kitanda akitazama soksi zake. Nimejaribu kila kitu. Nimemsomea hata Sehemu ya Nne, ile yenye vichekesho. Leo kacheka mpaka chai ikamwagika, kwa ajili ya mnene mwenye masharubu. Ninamaanisha walrasi, si Balthazar. Ingawa wanafanana.

Jumapili, 8 Agosti

Nimemkamata!

Nimezitazama picha zake zote alizotutumia kwenye kundi, moja moja, kwa saa tatu. Dubu weupe, wawili. Mbweha, mmoja. Sili, nyangumi, ndege wa kila aina. Pengwini: HAKUNA. Picha mia mbili za barafu na hakuna pengwini hata mmoja! Huyu mtu hajawahi kufika. Picha kazitoa mtandaoni na kwa uzembe wake akawasahau wenyeji wa mahali penyewe.

Binti yetu Apondi, ana miaka kumi na mmoja, alisimama nyuma ya kiti akaanza kunieleza jambo kuhusu pengwini. Kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Nimemwambia akamalize hesabu. Watoto wa siku hizi wana maoni juu ya kila kitu.

Jumamosi, 14 Agosti

Siku mbaya.

Nilingoja mpaka Balthazar, aliyepewa Zoom tena, amalize habari ya nyangumi. Nikainua mkono. Nikazungumza kwa upole wa hakimu. Nikauliza, ndugu Balthazar, hebu tuambie, pengwini walikuwa likizo?

Nikadhani nimeshinda. Nilishaanza kutabasamu.

Akanishukuru! Akasema kaka Rufus kauliza swali zuri sana, ambalo hata yeye alimuuliza kiongozi wa msafara siku ya kwanza na akachekwa na meli nzima. Pengwini hawako kaskazini hata mmoja. Wako kusini. Kwa kweli, akasema, pengwini wako karibu zaidi na kaka Rufus kuliko na dubu. Wapo wengine hapa hapa Sydney, pwani ya Manly.

Watu sitini na wanane walicheka. Apondi akasema, kwa Kiingereza, kwamba alijaribu kuniambia. Mama Chibalonza, anayejiita mtu wa haki, aliweka alama ya kidole gumba.

Kinachoniudhi zaidi ni ule unyenyekevu wake. Mtu akikushinda ajivune kidogo, upate pa kumchukia. Huyu hata hilo hakupi.

Kwenye kundi la WhatsApp sasa ninaitwa Baba Pengwini.

Jumatatu, 16 Agosti

Nimemwandikia Mama Chibalonza. Nimemjulisha kwamba mimi pia nilikwenda Aktiki, mwaka 2016, safari ya siri kidogo ya kikazi, na kwamba nina filamu yangu mwenyewe. Nimeomba dakika ishirini.

Amekubali! Ameuliza tu mbona sikusema mapema. Nimemjibu kwamba sisi tuliofika kweli hatupendi makelele.

Alhamisi, 19 Agosti

Filamu sina, bila shaka. Lakini Balthazar mwenyewe kanipa silaha. Alisema dubu wao wa kwanza alikuwa mbali sana. Kidoa cha rangi ya maziwa juu ya barafu. Abiria themanini walisimama wamekazia macho darubini zao kwa saa mbili, na machozi yakawatoka. Kwa kidoa!

Nani ashindwe kutengeneza kidoa?

Uani kwetu kuna nafasi ya kutosha. Mashuka meupe: manne. Unga wa ngano: mifuko sita. Dubu: Biscuit, mbwa wa mzee jirani, mweupe, mnene, mvivu, anayeingia kwetu kila siku kupitia tundu la uzio. Nitazika soseji chini ya shuka la mwisho. Atalala hapo akiitafuta. Mimi nitakaa karibu na kamera nikiwa nimevaa koti, na soseji za akiba mfukoni. Watakuwa wakiona uani kwetu moja kwa moja, lakini nitawaambia hiyo ndiyo filamu ya 2016.

Balthazar alihitaji meli. Mimi ninahitaji soseji.

Jumamosi, 21 Agosti

Niandike upesi.

Saa tisa. Watu sabini na mmoja. Abigail alikuwa amelala chumbani baada ya zamu. Apondi alikataa kushika kamera, akakaa ngazini amejifunika uso. Nikanong'ona kama Balthazar alivyofanya. Nikasema, tazameni kule mbali. Msiseme kitu. Ana njaa. Hajala tangu Aprili.

Na Biscuit, Mungu ambariki, alilala juu ya shuka kama dubu wa kuzaliwa. Kidoa safi! Mtu akaandika kwamba anasikia baridi. Mama Chibalonza alishika mdomo. Dakika sita nzima nilikuwa mtu mkubwa kuliko wote magharibi mwa Sydney.

Ukavuma upepo. Shuka moja likapaa likajinyonga kwenye kamba ya nguo, pale palipokuwa na sare ya shule ya Apondi na suruali zangu za ndani tatu. Unga ukanipiga usoni. Biscuit akainua kichwa. Akazinusa soseji za mfukoni.

Dubu akaanza kukua. Akakua haraka. Watu wakapiga mayowe, wengine kweli, nilisikia mtu akiniambia nikimbie. Halafu wakaona ukosi mwekundu na mkia unaotikisika, na mzee jirani akaita ng'ambo ya uzio, "Biscuit! Chakula!" Nikaanguka chali na mbwa juu yangu.

Niliposafisha macho nikamwona Abigail mlangoni, katika gauni lake la kulalia. Alitazama mashuka yake. Alitazama unga. Alinitazama mimi. Nikangoja hukumu.

Alikaa chini pale pale sakafuni akacheka. Akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, kisha kikarudi kuwa kicheko, na Apondi akaenda akamkumbatia. Aliniita, "Njoo hapa, Baba Apondi," akanipangusa unga masikioni kwa kiganja. Hakusema lingine.

Aibu tupu.

Jumapili, 22 Agosti

Balthazar kapiga simu. Nikajiandaa kwa kejeli. Hakuna. Akasema yule bibi wake alifariki Julai. Mazishi yaliruhusiwa watu kumi tu, naye hakuwa miongoni mwao, akatazama kwenye simu akiwa jikoni. Ndiyo maana alianza kusimulia safari ile. Hakujua pengine pa kumweka. Akasema jana alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, na bibi angempenda sana Biscuit. Akaniomba Jumamosi ijayo tusimulie pamoja.

Nilimpa pole. Nikasahau hata kumkosoa, jambo ambalo halijawahi kunipata.

Lilipita.

Jumatano, 25 Agosti

Nimelitafakari ombi lake na sasa ninaliona lilivyo. Jamaa ameishiwa. Anakiri kwamba bila mimi hawezi.

Nimekubali. Yeye atasimulia habari za ndege na maua ya kule. Mimi nitasimulia jinsi nilivyojitupa majini kati ya vipande vya barafu na kuogelea ubavuni mwa nyangumi, dakika arobaini, bila koti.

Abigail, akiwa anavaa viatu vya kazini, akaniuliza tangu lini ninajua kuogelea.

Maswali madogo madogo kama hayo ndiyo yanayoirudisha nyuma jumuiya yetu.