Pingamizi la Mzee Longoria Dhidi ya Mnara Uliomwita Punda

Evaristo Longoria,
Sanduku la Barua 212,
San Ubaldo, Texas.
14 Septemba

Mheshimiwa Wendell Stroud,
Mbunge wetu,
Washington.

Mheshimiwa,

YAH: PINGAMIZI LANGU DHIDI YA MUSWADA WA KUHARAKISHA MITAMBO MIPYA MPAKANI

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na wote wa nyumbani kwako. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mguu wangu wa kushoto, ambao nitaueleza mahali pake.

Mimi ni mkazi wa San Ubaldo, umri miaka sabini na mmoja, mstaafu wa posta. Nilipeleka barua za watu kwa miaka thelathini na minne bila kupoteza hata moja, ukiacha ile iliyoliwa na mbuzi, ambayo niliitolea taarifa siku hiyo hiyo. Nimekupigia kura mara mbili. Mara ya tatu nilikuwa na homa. Shamba langu la mabalungi liko nusu maili kutoka mtoni, na ng'ambo ya mto ni Meksiko, kwa hiyo nimeishi mpakani tangu zamani, kabla mpaka haujawa ajira ya watu wengi kiasi hiki.

Nimesoma gazetini kwamba mwezi ujao mtapigia kura muswada wa kuitaka idara ya mpaka isimike mitambo mipya upesi, bila majaribio marefu, kwa sababu majaribio yaliyofanyika huku kwetu yamefana. Mheshimiwa, majaribio ya huku kwetu ni mimi. Naomba nieleze jinsi nilivyofana.

Mnara uliletwa miaka miwili iliyopita, ukasimikwa hatua mia tatu kutoka jikoni kwetu. Vijana wa kampuni walikuwa na adabu. Walikunywa kahawa, wakatueleza kwamba mnara una kamera inayoona na kufikiri yenyewe, na kila inachokiona inakipa jina: mtu, mnyama au gari. Mke wangu Ofelia akauliza, "Na miti je?"

"Miti hatuihitaji, mama."

"Basi mti ukiamua kuingia nchini hamtajua."

Wakacheka, wakamwomba kahawa zaidi. Sisi tulidhani mambo yameishia hapo. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuitwa punda.

Ofisa wa doria wa upande wetu ni binti mmoja anaitwa Brandt, ametoka Wisconsin, na joto la huku linamtesa. Huwa anapita kwetu kuomba maji. Siku moja Aprili iliyopita alikaa barazani na kishikwambi chake, akaanza kucheka, akajizuia, akacheka tena.

"Mzee Longoria, nikikuonyesha kitu hutakasirika?"

"Inategemea kitu."

Akanionyesha. Nilikuwa mimi, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, nikienda kufungulia maji kwenye mfereji, pama kichwani na gunia la mbolea mgongoni. Nilizungushiwa kisanduku cha rangi ya njano, na juu yake pameandikwa: MNYAMA. HUENDA PUNDA. ASILIMIA 91.

Nikamwambia afute. Akasema hana mamlaka ya kufuta, mtambo unajifundisha wenyewe, na kwa kuwa napita kila siku mahali pale pale, kila siku unazidi kuwa na uhakika.

Sikukasirika, Mheshimiwa. Nilichukua hatua. Kesho yake niliacha gunia nikatembea wima: asilimia 89. Keshokutwa yake nilivua pama: asilimia 88. Jumapili nilivaa suti niliyofungia ndoa, nikatembea hadi mferejini na kurudi, mikono ikiwa pembeni, kama mtu anayekwenda kupokea hati. Asilimia 84.

"Suti imesaidia," Ofelia akasema. "Ongeza tai."

2. Shuka za mke wangu.

Ofelia hufua shuka Jumatano. Mnamo Mei alianika shuka tano nyeupe, upepo ukazijaza, na mtambo ukaripoti watu wazima watano wakielekea kaskazini kwa mstari mmoja. Yakaja magari matatu na helikopta. Ofisa mmoja ambaye sikumjua akasimama nyuma ya mlango wa gari, akashika kipaza sauti, akaziamuru shuka zetu, kwa Kihispania cha kuridhisha, zinyooshe mikono.

Ofelia akatoka jikoni na unga mikononi. "Zimeshanyoosha! Nimezibana kwa vibanio! Na wewe mwambie mwenzako wa juu huko aondoe hilo dude lake, ananijazia vumbi!"

Walifua upya shuka mbili. Hilo nalikiri kwa haki. Lakini mtambo haukusahihishwa, na tangu siku hiyo kila Jumatano kuna gari.

3. Mbuzi wetu Marquesa ametambuliwa kuwa mwanamke mtu mzima, asilimia 76. Sina kinyongo naye. Ila nauliza kama mwananchi: kwa mujibu wa kumbukumbu za serikali, katika boma langu kuna binadamu watano wa kitambaa na mmoja wa pembe, na punda mmoja, na huyo punda ndiye mwenye hati ya shamba. Siku wakija wa sensa, nani atahojiwa?

4. Mguu.

Hapa naomba Mheshimiwa usome polepole.

Tarehe 9 Agosti, siku ya Jumanne, nilikwenda kuzibua lango la mfereji wa kusini. Simu niliiacha jikoni inachaji. Ofelia aliniambia niichukue, nami nikamjibu kwamba watu walimwagilia mashamba karne nyingi bila simu. Nilipokanyaga ukingo, saruji ilimeguka, nikaanguka hadi chini ya mfereji, ambao haukuwa na maji. Nikausikia mguu ukikatika. Sijui niuelezeje ule mlio. Nilijaribu kusimama, nikazirai.

Nilipozinduka jua lilikuwa usoni. Kuta za mfereji zinafika kifuani kwa mtu aliyesimama, na mimi nilikuwa nimelala. Kutoka pale sikuona nyumba, wala mti, wala barabara. Nilichokiona ni mnara tu.

Nikaupungia mkono. Kamera ikazunguka polepole kama kawaida yake, ikanifikia, ikasimama. Ilinitazama, Mheshimiwa. Nilihesabu hadi kumi na tano. Nikapunga pama, nikapiga kelele hadi sauti ikakauka. Nikasema jina langu, namba ya sanduku la barua, na miaka niliyoitumikia serikali. Halafu ikageuka ikaendelea na kazi zake.

Ilirudi kila baada ya dakika nane. Mara za mwanzo niliipungia. Baadaye niliacha, nikawa naitazama tu inavyonitazama. Kiu ilipozidi nilianza kufikiria kwamba Ofelia atapika, atapakua sahani mbili, na maneno ya mwisho aliyoyasikia kwangu ni ule upuuzi wa simu. Nililia kidogo. Halikuwa jambo la kulia kwa sauti, na machozi yenyewe hayakutosha.

Yaliyotokea nyumbani nimehadithiwa. Saa saba mchana sikurudi kula, na katika miaka arobaini na tisa sijawahi kuchelewa chakula. Ofelia alitoka akaniita, hakujibiwa. Shamba letu ni ekari arobaini, na miti imefungana. Akapiga simu ya dharura. Wakamwambia gari la wagonjwa litafika baada ya dakika hamsini, na je, mgonjwa yuko wapi hasa? Akasema angejua yuko wapi asingepiga simu.

Akakata. Akasimama mlangoni. Halafu akaingia chumbani, akatoa shuka zote kabatini, safi na kavu, zile za wageni zikiwemo, akaenda kuzianika. Alianika tisa.

Walifika kwa dakika nne. Magari manne, Ofisa Brandt mbele. Ofelia alikuwa amesimama katikati ya shuka zake.

"Mama Longoria," Brandt akasema, "leo si Jumatano."

"Najua leo si Jumatano! Evaristo hajarudi! Fungua hicho kidude chako unitafutie punda wangu."

Brandt hakucheka. Alikifungua pale pale, akapekua picha za tangu asubuhi. Akaipata: MNYAMA AMELALA. MFEREJI WA KUSINI. SAA 4:10 ASUBUHI. HAKUNA HATUA INAYOHITAJIKA. Chini yake pameandikwa hivyo hivyo mara ishirini na tano, kila baada ya dakika nane, na mahali nilipo pakiwa pameonyeshwa kwa usahihi wa futi mbili.

Waliokuja mbio mferejini walikuwa watu sita, na Ofelia akiwa wa kwanza, na umri wake wa miaka sitini na tisa. Brandt aliruka ndani, akapiga magoti, akaniwekea kofia yake usoni kunikinga jua.

"Mzee, uko hai?"

"Niko hai. Andika hivyo. Andika mtu."

"Nitaandika, mzee. Samahani. Samahani sana." Njia nzima hadi hospitali hakuuachia mkono wangu.

Ofelia alisema mengi. Nayahifadhi.

5. Majibu ya ofisi.

Nilipotoka hospitali niliandika barua ya malalamiko kwa kitengo husika, kurasa tatu, mwandiko safi. Walinijibu baada ya wiki mbili. Barua ilikuwa imeandikwa "Kwa Mmiliki wa Punda". Walinipa pole kwa kuumia kwa mnyama wangu, wakanishauri nijenge uzio kando ya mfereji. Walisisitiza kwamba mtambo ulifanya kazi ipasavyo, kwa kuwa ulimwona mnyama mara ishirini na sita bila kukosa hata moja.

Kisha juzi nikasoma kwamba katika taarifa iliyopelekwa kwenu Bungeni, chini ya kichwa cha mafanikio, kuna tukio la tarehe 9 Agosti, ambapo teknolojia "iliwezesha uokoaji wa haraka". Mheshimiwa, muswada wenu umesimama juu ya mguu wangu, na mguu wenyewe umevunjika mahali pawili.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba yafuatayo.

Kwanza, muswada ukataliwe, usirudishwe kwenye kamati wala kurekebishwa. Pili, mnara ung'olewe na shimo lifukiwe, maana Marquesa ni mtundu. Tatu, kama mtaona lazima kuwe na mtambo wowote hapo baadaye, basi kabla ya kupewa macho juu ya watu, ukae kwetu mwezi mzima chini ya Ofelia, ule kwa zamu, uamkie watu, utumwe chumvi kwa jirani, na Ofelia asiporidhika nao urudishwe kiwandani. Mimi katika kazi yangu sikuruhusiwa kugusa barua ya mtu kabla sijatembezwa njia nzima na mtangulizi wangu, nikaonyeshwa nyumba kwa nyumba, huyu ni nani, yule ni nani, yupi asiyesikia, yupi mbwa wake anauma. Ilichukua wiki sita. Hizo zilikuwa barua tu.

Nne, na hili ndilo kubwa, naomba nipewe waraka wenye muhuri wa serikali unaosema kwamba Evaristo Longoria ni mtu. Asilimia waijaze wenyewe, sitabishana.

Nakuandikia bila chuki. Sina tatizo na ulinzi wa mpaka, na Ofisa Brandt tunampenda kama mtoto wetu. Tatizo langu ni kutazamwa mara ishirini na sita na kutoonekana.

Nisalimie mkeo na watoto, makatibu wako, madereva, na zaidi yule anayefungua bahasha, kwa kuwa kazi yake naijua na najua hakuna anayemsalimia. Ofelia naye anawasalimu wote. Anasema ukipita huku Desemba uje ule tamale, ila useme mapema idadi yenu.

Wako katika uraia, kwa mguu mmoja kwa sasa,

Evaristo Longoria

N.B. Leo asubuhi, kabla sijaifunga bahasha, Ofisa Brandt amepita na tangazo. Kumbe kifungu cha kumi na moja cha muswada kinasema kila mnara utapewa mwenyeji mmoja wa kuufundisha kutofautisha watu, wanyama na nguo. Sifa zinazotakiwa ni kuwafahamu wakazi kwa mwendo wao, na uvumilivu. Kazi ni ya kukaa kitini, kivulini. Nimeomba nafasi hiyo mara moja. Kwa sababu hiyo namwomba Mheshimiwa aupigie muswada kura ya ndiyo, na ikiwezekana upitishwe mapema zaidi ya mwezi ujao, na mnara usisogezwe hata hatua moja, kwa kuwa kwa magongo haya siwezi kwenda mbali. Maneno yote yaliyotangulia yachukuliwe kuwa sampuli ya uwezo wangu wa kuandika taarifa. Ofelia naye ameomba nafasi hiyo hiyo, na yeye wamemwita kwenye usaili Jumatatu. Kama Mheshimiwa ana neno lolote zuri la kusema juu yangu, aliseme kabla ya Jumatatu, na asimwambie Ofelia nani kamtuma.