Trekta Linalotaka Mkwe Akae Nilipokaa Mimi

Sara Magige (Mama Diana),
Jirani na josho la ng'ombe,
Butiama.

Kwa Ndugu Meneja,
Duka la Matrekta Madogo,
Bunda.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KITI

Ndugu Meneja,

Pokea salamu zangu za mvua ya kwanza. Sisi huku wazima, mbuzi wazima, kuku wazima, mgonjwa ni trekta peke yake.

Mimi ni yule mama mnene wa kitenge cha njano, uliyenipiga picha dukani kwako juu ya trekta jekundu. Nimesoma mpaka darasa la saba nikaishia hapo, na siyo kwamba akili ilikuwa imeisha. Ushahidi ni mwanangu Diana, ambaye yuko maabara ya hospitali Musoma, anaangalia vidudu kwa darubini. Kidudu kijifiche kinavyotaka, Diana anakiona. Ndiye aliyeninunulia trekta hilo. Sijisifu, naeleza tu ili ujue unaandikiwa na mtu wa aina gani.

Siku ile ulinieleza vizuri sana. Ulisema, "Mama, hili ni haidrostatiki. Halina habari ya klachi na kubadilisha gia kila saa, mafuta ndiyo yanayosukuma magurudumu. Wewe ni kukanyaga pedeli tu, huku linaenda mbele, huku linarudi nyuma." Na mimi nikaitikia "ndiyo, ndiyo" kwa sauti ya mtu aliyekulia kwenye haidrostatiki. Kwa hiyo sisemi hukunieleza. Nasema kuna jambo hukuniuliza, na jambo hilo sasa linaniua.

Ujue hali yangu. Ng'ombe wangu wa kulimia wote wameondoka kwenye mahari ya mwanangu Samwel, kwa sababu nilijua trekta linakuja. Mvua imeshanyesha. Wenzangu wameshapanda mahindi na mtama. Shamba langu mimi ni magugu, na mvua za huku kwetu hazimsubiri mtu hata akiwa na mtoto wa maabara. Nisipopanda sasa, mwaka huu nitakula picha ile uliyonipiga.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulinikalisha kwenye kiti. Ulisema kwa mdomo wako, "Karibu Mama, panda, kaa, jisikie." Nikapanda, nikakaa, nikajisikia kweli. Lakini hukuuliza, "Mama, dereva ni nani?" Dereva ni Mugeta, mume wa Diana, mtu wa huko huko Bunda, ameendesha matrekta makubwa kwenye mashamba ya pamba tangu ndevu hazijaota. Ni mkwe wangu, Ndugu Meneja! Kwetu mkwe hakai mahali alipokaa mama wa mkewe. Kigoda changu hakigusi. Nikiwa ndani, yeye huwaga anakula nje. Hanipi mkono, hanitazami usoni, na tukikutana njiani anaingia kwenye majani mpaka nipite, hata kama majani yenyewe ni upupu. Mugeta ana heshima mpaka wakati mwingine inachosha. Na Diana kwa furaha yake alishamtumia ile picha kwenye simu, kwa hiyo hakuna namna ya kusema hakujua nani amekaa pale.

2. Trekta linakataa kuwashwa na mtu aliyesimama. Lori lilituteremshia mzigo kwenye mashine ya kusaga, maana njia ya kwangu ni nyembamba. Watu wakajaa, waliokuja kusaga wakaacha kusaga. Mugeta akasimama pembeni ya trekta, akanyoosha mkono, akazungusha ufunguo. Kimya. Hata kukohoa halikukohoa. Akasafisha vichwa vya betri, akafungua filta ya dizeli akaipuliza, akaifunga, akazungusha tena akiwa amesimama vile vile. Kimya. Jirani yangu Mhoja, mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi kuliko ng'ombe, akasema, "Mama Diana, labda linaona aibu, watu ni wengi." Nikacheka kwa nje tu.

3. Linakataa kusukumwa. Mugeta akatangaza kwa watu, "Mwambieni Mama tutalisukuma liwake." Mimi nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia anavyohema, lakini mkwe na mama mkwe husemezana kupitia watu, nikajibu kama inavyotakiwa, "Mwambieni baba asukume tu." Vijana wa kwaya wakasukuma mpaka sauti ya kwanza ikawa ya nne. Matrekta ya pamba aliyoyazoea Mugeta ukiyasukuma yanawaka. Hili lako liliganda kama ng'ombe aliyeamua kulala sokoni.

4. Limelima barabara. Mhoja akaleta ng'ombe wake, tukafunga minyororo. Trekta likavutwa, lakini magurudumu hayakuzunguka hata kidogo, yakawa yanaburuzwa, yanachimba mifereji miwili kuanzia mashine ya kusaga mpaka uani kwangu. Mhoja njia nzima anapiga kelele, "Njooni muone! Ng'ombe kuvuta jembe nimezoea, leo wamelivuta lile lililokuja kuwafukuza kazi!" Mtendaji wa kijiji naye akaja kuuliza nani kanipa kibali cha kulima barabara. Na mpaka naandika barua hii kuna mtu, simjui, ameshapanda kunde kwenye mfereji mmojawapo. Zimeota vizuri sana. Yaani barabara ya Butiama imepandwa, shamba la Sara bado!

5. Linampenda mgeni. Nilimwita fundi Leonardi kutoka Musoma, akaja na pikipiki na mfuko wa spana. Kwanza alitugombeza. "Nani kavuta hili? Mngeua pampu!" Akaingia chini, akalegeza valvu moja ndogo inayoachia yale mafuta yanayoshika magurudumu, na trekta lililowashinda ng'ombe wa Mhoja likasukumwa na mimi na mke wa Samwel huku tunaongea mambo yetu. Kisha akaikaza ile valvu, akapanda, akakaa, akazungusha ufunguo. Ndugu Meneja, liliwaka! Nilipiga vigelegele mpaka mbuzi wakavunja zizi. Leonardi akashuka ili nimpe mkono wa pongezi, na trekta likazima hapo hapo. Akapanda, likawaka. Akashuka, likazima. Nikadhani uhai wa trekta anao mfukoni.

Ndipo akanieleza. Kumbe chini ya kiti mmeficha swichi. Likiona kiti kitupu, haliwaki, na kama linawaka, linazima, eti lisije likamkanyaga mtu. Nikamuuliza, "Hiyo swichi inajua mkwe ni nini?" Akajibu, "Mama, swichi inajua uzito tu."

Hapo ndipo nilipokasirika. Mnauza chombo kinachojua uzito na hakijui heshima! Leonardi akaondoka zake, ana kazi nyingine Musoma. Mugeta akarudi akasimama pembeni ya trekta, akazungusha. Kimya.

Diana akapiga simu akasema, "Mama, si kiti kioshwe tu?" Mwanangu ana darubini, lakini hilo hakuliona. Nilikokaa mimi hakutoki kwa sabuni. Wazee nao wakasema tuchinje mbuzi, mwiko utalegea. Nikawaambia mbuzi huchinjwa watu wapatane, sijaona aliyechinjiwa kiti. Na wale wanaosema nitafute dereva mwingine wajue kwamba sikununuliwa trekta ili likaliwe na mtu ambaye hata kuoa kwangu hakuoa.

6. Gunia. Hili ni pendekezo la Mhoja, nami nililikubali kwa sababu mvua ilikuwa inanguruma. Tuliweka gunia la mtama kwenye kiti, trekta likadanganyika, likawaka. Gunia lilikaa wima limetulia kama diwani kwenye mkutano. Mugeta akawa anatembea pembeni, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine unakandamiza pedeli kwa fimbo. Kona ya kwanza gunia likateleza, injini ikazima. Tukalifunga kamba. Wapita njia wakaanza kusimama barabarani, na Mhoja, mwanamume mzima mwenye wajukuu, akavua kofia akasema, "Shikamoo, gunia." Mugeta akababaika, fimbo ikanasa kwenye pedeli, trekta likaacha shamba langu likaingia kwenye mihogo ya Mhoja. Mkwe wangu anakimbia nyuma yake anapiga kelele, "Mwambieni Mama asitazame! Mwambieni Mama asitazame!" Nikatazama. Nitaachaje kutazama? Lilikwenda mpaka kwenye kichuguu, kikalitikisa, kamba ikakatika, gunia likaanguka, trekta likazima. Mhoja alikuwa ameacha kucheka.

7. Kwa sababu ya hayo yote, Mugeta amerudi kwao Bunda, simu yangu hapokei. Amemwambia Diana kwamba hawezi tena kunitazama usoni. Nikamuuliza Diana, lini aliwahi kunitazama usoni?

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, kwa unyenyekevu mkubwa na bila kukutisha, naomba yafuatayo.

Kwanza, swichi hiyo itolewe, au ifundishwe. Kama inaweza kujua uzito, haishindwi kujua ukoo.

Pili, kiwanda kitengeneze trekta la viti viwili, cha mkwe mbele, cha mama mkwe nyuma kikitazama upande wa pili, na pazia katikati. Pazia nitashona mwenyewe, cherehani ninayo.

Tatu, kuanzia sasa mteja asipigwe picha mpaka aulizwe ana binti wangapi, wameolewa wapi, na nani kati ya waume zao anajua kuendesha. Mkiwa na wasiwasi na majibu, mteja apigwe picha amesimama.

Nne, kama haya yote unayaona ni mambo ya kishamba, basi fanya hivi. Mlete mama mkwe wako hapa Butiama siku ya mnada, mkalishe juu ya trekta mbele ya watu, umshushe, halafu ukae wewe hapo hapo kabla kiti hakijapoa. Ukiweza, mimi Sara nitanyamaza maisha yangu yote, na wanaonijua watakuja kukushukuru.

Wasalimie wafanyakazi wote wa dukani, hasa yule mlinzi aliyenishika mkono wakati wa kupanda akanisifu kitenge. Msalimie mkeo na watoto, waambie wasome, wamwangalie Diana. Mama mkwe wako naye msalimie, lakini kwa kupitia mtu.

Nakuachia hapo, nikiwa na hasira lakini sina kinyongo,

Sara Magige,
mama yake Diana wa maabara.

N.B. Barua hii ilikaa kwangu kidogo ikisubiri mtu wa kwenda Bunda, na hapo katikati mambo yameharibika, yaani yamekuwa mazuri. Mvua ilinyesha tena usiku kucha. Asubuhi nikaenda shambani nikakuta magugu yamenifika magotini, nikasema, Sara, ukisubiri Bunda ikujibu utalima nyasi. Nikafunga kitenge vizuri, nikapanda, nikakaa pale ambapo Tanzania nzima hakuna mwenye haki ya kukaa kuliko mimi. Nikazungusha ufunguo. Likanguruma kama lilikuwa linanisubiri.

Mugeta alipata habari kwa Diana kwamba mama yake yuko juu ya trekta na breki hazijui, akafika kutoka Bunda kabla sijamaliza kuzunguka mwembe wa Mhoja mara ya pili. Akasimama mbali, amenipa mgongo, anafundisha, "Mwambieni Mama akanyage taratibu! Mwambieni Mama asikumbatie usukani!" Hapakuwa na wa kuniambia, tulikuwa wawili tu, lakini nilisikia yote.

Sasa shamba limelimwa na limepandwa, na mihogo ya Mhoja nimempandia upya ili aache kuhesabu mashina. Akina mama wa kanisani wameshanipangia zamu za kuwalimia mpaka mwisho wa msimu. Kwa hiyo malalamiko yote saba nayafuta, na maombi yote manne. Swichi msiiguse kabisa. Juzi nilishuka kunywa uji, Mhoja akanyemelea akazungusha ufunguo akiwa amesimama. Kimya! Nilicheka mpaka uji ukanipalia. Viti viwili vya nini? Ila kama mna kiti kimoja kipana zaidi, nitumie, maana upande mmoja wangu unalima ukiwa nje.

Na ukipita Butiama ukaona mwanamume anakimbia mbele ya trekta, anaokota mawe na wala hageuki nyuma, tafadhali usipige kelele za kumwokoa. Ni mkwe wangu, ananionyesha njia.