Chumba Namba 14, Malalamiko

Jumatatu, 2 Februari

Nimepata daftari! Nyuma ya kabati la ukutani, jalada gumu, halijaandikwa hata ukurasa. Mali ya ofisi ya zamani. Shule sijakanyaga. Herufi nilifundishwa na katekista kule Katumba ili niimbe nyimbo sawasawa. Asiyependa mwandiko wangu akagombane na katekista.

Naishi kwa binti yangu Séverine, muuza mchele. Kiboko Residensi, ghorofa ya tatu, Mpanda mjini. Marumaru kila mahali. Choo kinang'aa kuliko sahani za mwanangu Melkiadi kule Katumba. Watu wanaliita jengo la kifahari. Mimi nalijua kabla ya ufahari. Zilikuwa ofisi za umoja mmoja wa wakulima wa tumbaku. Nilikuja mara kumi na moja kulalamika kwamba orodha yao imeandika nimekufa. Kila mara karani alinitazama, mzima, napumua, akasema njoo kesho.

Leo saa nne mlango ukagongwa. Mzee Fabiani kutoka Mamba, gambuti zimejaa tope. Akauliza kama hapa ndipo wanaposikiliza malalamiko. Nikatazama mlango. Chini ya rangi nyeupe kuna herufi zimetuna. Nikakwangua kwa kijiko. CHUMBA NA. 14. MALALAMIKO.

Mana yanje, Mungu wangu! Nalala ndani ya ofisi iliyonizika!

Shida ya Fabiani: bata wa jirani wanamalizia mpunga wake. Nikampa chai. Nikamwambia akamate bata mmoja, ampike, amwite jirani wale pamoja, ndipo amwambie wamekula nini. Kaondoka anacheka. Kazi nyepesi namna hii walishindwaje?

Jumanne, 3 Februari

Fabiani ana mdomo. Leo wamekuja sita. Nimewakalisha kwenye sofa nyeupe ya Séverine. Sasa si nyeupe sana. Mmoja kaniletea dagaa wa Ikola, lifti nzima inanukia vizuri.

Jioni ikaja barua ya kamati ya wakazi. Wageni marufuku, isipokuwa jamaa wa damu. Jumapili kamati itapiga kura kama bibi wa namba 14, asiyetajwa kwenye mkataba, arudishwe alikotoka.

Séverine ana mimba ya miezi minane. Hakunigombeza. Alisema mama, nakuomba, wiki hii tu usimfungulie mtu. Nikirudishwa Katumba nani atampokea mtoto? Nani atamkanda mama yake kwa maji ya moto? Patrick mume wake? Yule anaogopa hata birika. Nimeahidi.

Barua imesainiwa na mwenyekiti, Mzee Valeriani wa namba 9. Jina hilo nimelisikia wapi?

Jumatano, 4 Februari

Barua inasema jamaa wa damu ruksa. Basi!

Séverine alipotoka tu kwenda dukani nikashuka kwa Issa, mlinzi wa getini. Nikamwambia leo napokea wapwa zangu. Kila aliyekuja nikamwelekeza aseme mimi ni shangazi yake. Kufika saa sita Issa kaandika wapwa kumi na tisa. Mmoja Msukuma wa miaka themanini na ushee. Mimi nina sabini na moja. Kaniamkia shikamoo shangazi mbele ya watu, nikaitikia marahaba bila kupepesa jicho.

Issa akauliza, eti bibi, ukoo wenu una makabila mangapi? Nikamwambia sisi tulizaliana sana. Nikampa dagaa. Kaandika.

Alhamisi, 5 Februari

Nimepanda lifti na Valeriani. Tai. Kalamu tatu mfukoni. Ni yeye! Karani wangu wa njoo kesho! Hajanitambua. Atanitambuaje, mimi si marehemu?

Akauliza tope hili kwenye marumaru ni la nani. Nikasema tope la masika halina mwenyewe. Akasema atalichunguza.

Nimetengeneza ofisi sasa. Meza ya kupigia pasi hapa, kiti changu pale. Kuanzia saa sita hadi saa nane nakula.

Ijumaa, 6 Februari

Siku kubwa! Foleni imeshuka ngazi hadi ghorofa ya pili. Valeriani kapanda kunifumania. Mtu akapaza sauti: jamani, si karani wa njoo kesho huyu? Watu wakaangua kicheko. Alipotaka kupita mbele wakamwambia mzee, nyie ndio mlitufundisha foleni, kaa nyuma.

Akakaa nyuma! Saa moja na nusu. Kufika mezani akalalamika kuhusu bibi wa namba 14, mvunja sheria, mwenye wapwa wa bandia. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Nikatikisa kichwa. Nikafunga daftari taratibu, nikamwambia jambo lake ni zito, njoo kesho.

Ooh, utamu wake! Kumbe ndiyo maana walikuwa hawaachi! Ulinikolea hata aliyefuata nikamwambia hivyohivyo bila kuinua uso. Na ugali ulikuwa unapoa.

Alikuwa mama mmoja wa Karema, Libérate. Kalala barabarani kwenye lori. Hakubisha. Alienda akakaa chini pale ngazi zinapoanza, akatandika kanga.

Pale pale nilipokuwa nakaa mimi.

Nikauacha ugali mezani. Nikaenda kumwinua, tukala sahani moja. Mkwe wake anamzuia kumwona mjukuu tangu azaliwe. Nikaomba namba. Nikampigia huyo mkwe mwenyewe. Sitaandika niliyomwambia, daftari hili linaweza kusomwa na mtoto. Atamleta mjukuu kesho kutwa.

Nimeapa. Mdomo wangu hautasema tena njoo kesho kwa mtu yeyote.

Jumamosi, 7 Februari

Saa mbili kasoro dakika moja, Valeriani huyo mlangoni. Tai mpya, faili kwapani. Nikaelewa. Tangu astaafu hakuna aliyemwambia aje mahali popote.

Nikampa chai, nikamuuliza faili langu la kufa liliishia wapi. Akafikiri. Akasema nimuulize kesho. Nikairudisha chai yake kwenye chupa.

Lakini foleni ilimkera, watu wanapitana. Hakuvumilia. Kaomba mkasi, kakata kalenda ya mwaka jana, kila mtu kampa namba. Mgongo wake ulinyooka! Karani ni karani.

Ndipo Séverine akarudi mapema. Kakuta watu thelathini na mwenyekiti wa kamati anaita kumi na saba, kumi na saba yuko wapi. Alishika kiuno, akakaa kwenye jaba la mchele. Akasema kwa sauti ndogo: mama, kesho wakikuondoa, nitajifungua bila wewe.

Nikawafukuza wote. Hata kumi na saba. Chai nimempa Valeriani njiani, kwenye kikombe cha plastiki. Usiku sikula.

Jumapili, 8 Februari

Kikao baada ya misa, ukumbi wa chini. Aloyce wa namba 4 kasema suti yake ilinuka dagaa harusini. Issa kaletwa na kitabu chake, kasoma majina ya wapwa. Watu walicheka, lakini si wote.

Kura. Niondoke, watano. Nibaki, watano. Imebaki ya mwenyekiti.

Mkono wa Séverine ulikuwa baridi ndani ya wangu. Mimi sikuomba. Nilimtazama tu, kama nilivyomtazama mara kumi na moja.

Valeriani akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa. Akafungua faili, akalifunga. Akasema jambo hili halijakamilika, wajumbe njooni kesho.

Aloyce akaruka: kesho ipi? Valeriani akamjibu kwamba amekuwa karani miaka thelathini na moja, na swali hilo halijawahi kupata jibu.

Séverine kalia, kacheka, mtoto kampiga teke nikalishika kwa mkono wangu. Nimeweka mkono kwenye Biblia mbele yake: Chumba Namba 14 sitakifungua tena. Patrick kapaka rangi mlango, mipako miwili.

Jumatatu, 9 Februari

Rangi imekauka. Nyumba imetulia. Hakuna wa kumwambia habari za asubuhi.

Nimepanda ghorofa ya nne kunyoosha miguu. Kuna nyumba haijanunuliwa. Mlango mweupe, herufi zimetuna. Kijiko kilikuwa mfukoni, sijui kiliingiaje. MENEJA MKUU.

Biblia iliambiwa kumi na nne tu.

Issa ana ufunguo, anapenda dagaa. Valeriani kaleta meza yake mwenyewe, na kalenda ya kukata. Kufika saa tano foleni imefika kwenye lifti. Saa sita nikachoka, nikasikia harufu ya maharage ya Séverine kutoka chini. Watu bado ishirini.

Nimeapa mdomo wangu hautasema maneno yale. Haukusema. Nilimtazama tu Valeriani, akasimama, akarekebisha tai, akawaambia yeye.

Ana sauti nzuri sana.