Kupitia Askerdale, Kama kwa Bahati

Jumamosi, tarehe 24 Agosti

Alhamisi tunampeleka Gwenno Inverness, kule juu kabisa Uskoti, akaanze kazi ya udaktari wa wanyama. Binti yangu wa pekee. Nyumba imejaa maboksi tangu asubuhi. Nimechoka, na sijabeba hata moja.

Kutoka hapa Dolgellau safari haimaliziki kwa siku moja. Lazima tulale njiani, na kila mtu ana lake. Mke wangu Eluned anataka hoteli yoyote kando ya barabara kuu, mradi iwe na bafu la kujilaza. Struan, mchumba wa Gwenno, anataka tulale Garrowhope, kituo cha baiskeli za milimani, kwa sababu kina njia nyeusi. Kwenye vituo hivi njia ya kijani ni ya watoto, ya bluu ni ya watu wenye akili, nyekundu ya wenye haraka, na nyeusi ya wanaotaka kuvunjika. Struan ana miaka ishirini na sita na miguu kama nguzo za umeme. Ananiita mzee. Heshima au dharau, bado sijaamua.

Mimi nataka Askerdale. Ndiko nilikomfundisha Gwenno njia ya bluu akiwa na miaka tisa, helmeti ikimfunika macho. Nataka niizunguke njia ile naye mara moja kabla hajaondoka. Sisi wawili tu. Basi! Sina ombi jingine.

Lakini kumwomba siwezi. Nikimwomba atanihurumia, na sitaki huruma ya mtoto niliyemfuta kamasi. Itabidi ionekane tumepita Askerdale kwa bahati. Tatizo ni kwamba Askerdale iko mbali na barabara yetu, mwendo wa saa nzima na zaidi. Bahati itahitaji kusaidiwa.

Jumapili, tarehe 25 Agosti

Nimeanza na Struan. Alikuja kula chakula cha mchana, akamaliza viazi vyote. Nikamvuta pembeni, nikamwambia kwa sauti ya huruma kwamba ile njia nyeusi ya Garrowhope imeharibika vibaya. Mawe makali. Mteremko kama ukuta. Kuna jamaa wa klabu yetu alivunjika bega pale na mpaka leo hawezi kuinua kikombe cha chai. Uongo mtupu, jamaa mwenyewe hayupo.

Macho yakamng'aa! Akaniuliza mteremko huo uko mwanzoni au mwishoni. Nilidhani namtisha, kumbe namnogeshea. Baadaye nikamsikia jikoni akimwambia Gwenno, "Mzee anaijua Garrowhope nje ndani. Wewe twende tu."

Nimelala mchana wote uliobaki.

Jumatatu, tarehe 26 Agosti

Sikukuu ya mwisho wa Agosti. Mvua. Leo zamu ya Eluned.

Eluned haendeshi baiskeli. Kazi yake ni kukaa mgahawani na kitabu mpaka turudi na matope, kwa hiyo vituo vyote vya nchi hii anavipima kwa keki. Nikamwambia keki ya tangawizi ya Askerdale inanata vidoleni. Akavua miwani. Nikaona mlango umefunguka, nikaongeza kwamba vyumba vya pale vina bafu. Akauliza, la kujilaza? Nikasema, la kujilaza.

Ndipo nikapiga simu kuulizia. Mama aliyepokea alikuwa na sauti ya mtu aliyeamshwa. Keki ipo, akasema, ila wanafunga saa kumi. Bafu hakuna, vyumba vina bomba la mvua na maji yake ni ya uvuguvugu. Kwenye ua lipo bomba lenye nguvu sana, lakini hilo ni la kuoshea baiskeli.

Nimechukua vyumba viwili. Habari ya bafu nitaifikiria njiani.

Jumanne, tarehe 27 Agosti

Kikao cha familia baada ya chakula. Nilikuwa nimejiandaa, nina ramani, nina hoja, nina hata machozi ya akiba kuhusu msongamano wa magari. Nikafungua tu mdomo kusema Askerdale, Struan akasema, "Sawa tu, mzee. Chagua wewe." Gwenno alikuwa anaitazama sahani yake. Eluned akasema bafu ni bafu.

Nimeshinda! Mbona naumia? Hakuna aliyetaka kuiona ramani. Na mtu anayekubali haraka hivyo ana lake jambo. Namjua yule, anataka kwenda kunipita kwenye njia yangu mwenyewe mbele ya binti yangu.

Kwa hiyo Struan asiwe na baiskeli. Gari letu linabeba baiskeli mbili nyuma na moja juu, kwenye keria. Keria ikipotea, zitasafiri mbili tu, yangu na ya Gwenno. Nimeificha kibandani nyuma ya makopo ya rangi. Hakuna mtu aliyegusa makopo yale tangu tupake ukuta wa bafuni.

Jumatano, tarehe 28 Agosti

Chai yangu haijapoa, Gwenno katokea na keria mkononi. Alikwenda kibandani kutafuta kamba. "Baba, hii ilikuwa nyuma ya rangi. Nani kaiweka huko?" Nikasema labda mama yake. Eluned akanitazama kwa muda mrefu, akarudi kwenye masanduku.

Ikaja hoja ya baiskeli ya nani ikae juu. Baiskeli ya Struan ni mpya, rangi ya machungwa. Ikikaa juu ya gari barabara nzima itaiona, watu watadhani na gari ni lake. Nikasema yangu ndiyo ikae juu. Struan akasema hapana, mzee, juu kuna upepo na mvua, weka yangu. Nikakataa. Akasisitiza. Nikakataa kwa ukali kidogo. Mwishowe wote wakanishukuru kwa moyo wangu mzuri.

Jioni Eluned alikuwa amekalia sanduku ili lifunge. Akaniambia, "Idwal, mdomo unao. Mwambie mtoto unachotaka." Nikamwambia sitaki kitu. Akasema haya, njoo ukalie upande huu.

Alhamisi, tarehe 29 Agosti

Siku mbaya, lakini naandika.

Tumeondoka kiza hakijatoka. Struan alikohoa njia nzima. Kikohozi cha ajabu, kama cha mtu anayejifunza kukohoa. Nilifurahi kimoyomoyo. Mbele kidogo ya Lancaster nikatangaza kwamba redio imesema kuna msongamano. Redio ilikuwa imezimwa, hakuna aliyenipinga. Nikakata kushoto, tukaanza kupanda vilima, kondoo huku na huku, mvua ikinyesha.

Tukakaribia Askerdale. Nikaona ule ukuta wa mawe, nikaona misonobari. Gwenno akainuka kwenye kiti cha nyuma, akanishika bega. "Baba! Si hapa? Si hapa pa ile helmeti?"

Alikumbuka! Nikamtazama kwenye kioo. Alikuwa anacheka vilevile alivyocheka akiwa na miaka tisa. Sikumbuki kama nimewahi kufurahi vile nikiwa kwenye usukani.

Kwa hiyo sikukitazama kile chuma. Maegesho ya Askerdale yana chuma kilicholala juu ya lango, ili malori na nyumba za magurudumu zisiingie. Kina kibao cha njano na maandishi makubwa. Nimepita chini yake mara nyingi, lakini siku zote baiskeli zikiwa nyuma.

Kishindo! Kisha mkwaruzo. Kisha kimya, na mvua tu. Baiskeli yangu ilining'inia kwenye chuma na kipande cha keria, ikafikiri kidogo, ikaanguka. Fremu imepinda, usukani unatazama ulikotoka. Jamaa mmoja mwenye koti la kituo akaja pole pole na kikombe chake, akasema, "Pole, bosi. Wewe wa pili wiki hii." Mgahawani mama mmoja alikuwa anageuza kibao cha mlangoni kutoka upande wa "Karibu" kwenda upande wa "Tumefunga". Keki zilionekana kupitia kioo.

Nilitamani ardhi inimeze.

Halafu Struan akanifuata. Akakohoa. Akasema yeye mafua yamembana, leo haendeshi, atakaa na Mama Gwenno. Akanisogezea ile baiskeli ya machungwa. "Chukua yangu, mzee. Nenda na Gwenno."

Nenda na Gwenno! Kitu kile kile nilichokitaka. Nilichokihangaikia wiki nzima. Kiko mbele yangu kwenye magurudumu mawili. Na Gwenno keshavaa helmeti, ananisubiri.

Nikasema siwezi kushika usukani wa mtu mwenye mafua.

Sijui ni nani aliyesema maneno yale. Mdomo ulikuwa wangu. Gwenno akanibembeleza, "Twende bwana, Baba." Nikasema kichwa kinaniuma na sipendi machungwa. Mwishowe Eluned akamwambia Struan asimwache mtoto aende peke yake kwenye mvua. Wakaenda wawili. Kikohozi cha Struan kikapona kwenye mlima wa kwanza.

Mimi nimebaki garini na Eluned, tukitazama mvua. Akaniuliza bafu liko wapi. Nikamwonyesha ua.

Nyongeza, baada ya chakula. Gwenno kaja chumbani kwetu kunieleza. Struan hana mafua. Walipanga tangu Jumatatu kwamba ajifanye mgonjwa, ili mimi na Gwenno tuzunguke wawili. Ndiyo maana alikubali Askerdale haraka vile. Gwenno alijua tangu nilipomsifia mama yake keki ya Askerdale. "Ungeniambia tu, Baba," akasema. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Ijumaa, tarehe 30 Agosti

Gwenno amenigongea mlango asubuhi. Tunayo nafasi kabla ya kuondoka, kasema, twende. Nikakubali kabla mdomo haujapata maneno yake.

Struan akaja na spana kunishushia kiti cha baiskeli yake ya machungwa, kwa sababu miguu yake ni mirefu kuliko yangu. Nikamwambia aache, hicho ndicho kimo changu. Akamtazama Gwenno. Gwenno akatazama misonobari. Nikapanda kwa msaada wa benchi.

Ah, ilikuwa nzuri! Ukungu unainuka, matairi yanakwaruza changarawe, Gwenno mbele anageuza kichwa kuhakikisha nipo, kama mimi nilivyokuwa namgeukia zamani. Kona ya kwanza safi. Kona ya pili safi. Kisha lango la kondoo. Gwenno akasimama. Mimi nikashika breki, na hapo nikakumbuka kwamba kusimama kunataka mguu ufike chini.

Haukufika. Nikaangukia mtaroni ubavu ubavu, taratibu, nikiwa na muda wa kutosha wa kujuta. Kifundo cha mguu kimevimba kama kitunguu.

Tukarudi kwa miguu. Gwenno alisukuma baiskeli zote mbili, mimi nachechemea nyuma ya tairi. Akaniambia anaogopa. Anaogopa farasi, kwa mfano, daktari mzima wa wanyama. Anaogopa nyumba asiyoizoea na watu wasiojua mzaha wake. Akasema nimpigie kila Jumapili, hata kama sina la kusema. Nikamwambia sina kawaida ya kukosa la kusema. Akacheka, akanishika mkono mpaka maegeshoni. Tangu aanze sekondari hatujawahi kuongea kirefu hivyo. Nilifurahi. Naandika kama ilivyo, nilifurahi.

Eluned alipata keki yake. Kasema ni kavu.

Nimelitafakari jambo lote njia nzima. Kosa lilikuwa kwenye kiti na kwenye kile chuma. Mpango wenyewe haukuwa na kasoro.

Jumatatu, tarehe 2 Septemba

Tumerudi jana. Nyumba kimya. Maboksi hayapo, na kumbe maboksi yalikuwa yanasaidia. Nimepita mara mbili mlangoni pa chumba chake bila kazi yoyote.

Jana ilikuwa Jumapili na sikupiga simu. Eluned akaniuliza kwa nini. Nikamwambia mtu hapigi simu hivi hivi, lazima kuwe na sababu. Akasema mtoto mwenyewe ndiye aliyeomba. Eluned haelewi mambo haya.

Sababu ninayo. Juzi, tulipokuwa tunapandisha vitu kwenye nyumba mpya ya Gwenno, baiskeli yake ilifunguliwa gurudumu la mbele ili ipite kwenye ngazi. Ekseli, kile chuma kinachoshika gurudumu, iliwekwa dirishani. Sasa iko mfukoni mwangu. Bila ekseli baiskeli haiendi popote. Baada ya wiki mbili nitaigundua kwa mshangao mkubwa. Nitalazimika kuipeleka mwenyewe, maana posta huwezi kuiamini na chuma. Nikifika, hali ya hewa ikiwa nzuri, tutazunguka kidogo. Kwa bahati tu.

Struan asijue.

Saa tatu usiku ujumbe umeingia kwenye simu. Wa Gwenno. "Baba, umeondoka na ekseli yangu. Nilikuona ukiitia mfukoni. Usihangaike, Struan kaninunulia nyingine. Njoo hata bila ekseli. Njoo wikiendi hii ukitaka. Nimekukumbuka."

Nimeusoma karibu na taa. Nimeusoma tena. Eluned akauliza mbona nafuta miwani.

Nimemjibu kwamba sijui anazungumzia ekseli gani.

Kisha nimekwenda kibandani, nimeificha nyuma ya makopo ya rangi, nimerudi na ramani. Njiani lazima tulale mahali. Garrowhope langoni hawana chuma cha juu, nimeshapiga simu kuuliza. Kuhusu bafu, nimemwambia Eluned lipo.