Marufuku ya Wasiwasi

Wizara ya Safari ilitangaza, kwa furaha kubwa na kwa gharama isiyosemwa, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna abiria atakayeruhusiwa kuwa na wasiwasi wakati wa kukata tiketi ya treni mtandaoni. Wananchi waliombwa kutulia mara moja.

Aliyeliandika tangazo hilo alikuwa Mkurugenzi wa Utulivu wa Abiria, mtu wa tai nyekundu na kitambi cha heshima, na aliliona kuwa ndiyo kazi ya maisha yake. Hapo awali watu walikuwa wakilalamika kwamba mtandao wa tiketi ni mbovu: kiduara kinazunguka, hela inakatwa, tiketi haiji. Mkurugenzi akaenda semina hotelini pamoja na wataalamu. Wakala, wakatafakari, wakala tena, na ukweli ukajulikana. Mtandao ulikuwa mzima. Wabovu walikuwa abiria. Mtu anashika simu roho mkononi, anabonyeza kitufe cha kulipa mara mbili, mara tatu, na mfumo, ambao nao una moyo wake, unachanganyikiwa.

Dawa ikawa rahisi. Mfumo ulifundishwa kumtambua mwenye wasiwasi. Ukibonyeza tena kabla haujakujibu, unakuandikia kwa herufi nyekundu, "Ndugu Abiria, una wasiwasi," unaifunga namba yako ya simu, na kiti chako unakirudisha kwa wananchi waliotulia. Mwenye wasiwasi hapandi treni, na kama ni mtumishi wa umma hapandi cheo, mpaka apate ushauri nasaha katika Ofisi ya Kutuliza Abiria. Malalamiko yakaisha kabisa, maana kulalamika kulitajwa kuwa dalili ya kwanza.

Ni kweli Mkurugenzi mwenyewe hakuwahi kukata tiketi. Alikatiwa na katibu muhtasi wake, ambaye alikatiwa na fundi wa mitambo, ambaye alipitia mlango wa nyuma. Lakini daktari si lazima augue ndipo atibu, na jambo hilo halikumnyima Mkurugenzi usingizi.

Alhamisi moja alivamiwa ofisini na mama mmoja msusi, mikono bado inang'aa mafuta ya nywele, simu kaishika kama anaikaba.

"Samahani, bosi. Binti yangu yuko karibu kujifungua, mimba ya kwanza, na yuko peke yake huko kituo cha mwisho. Nataka treni ya kesho jioni. Huu mfumo wenu unaniambia nina wasiwasi."

"Unao?"

"Sasa si mwanangu anajifungua!"

"Umeona?" Mkurugenzi alisema kwa upole. "Umekiri mwenyewe. Nenda ukapate ushauri."

"Hiyo ofisi ya ushauri iko wapi?"

"Kituo cha mwisho. Tuliipeleka kule makusudi. Kuna upepo mzuri."

"Nafikaje?"

"Kwa treni, mama. Nchi imeendelea."

"Na tiketi?"

"Mtandaoni."

Msusi alimtazama kama anavyomtazama mwenye upara aliyeingia saluni akaomba kusukwa.

"Basi nipande lori," alisema.

"Lori panda, kama binti atasubiri siku tatu. Na ofisi inapokea wanaoshuka kwenye treni tu. Tunaepuka msongamano." Mkurugenzi akainuka, akamwekea mkono begani. "Pumua, mama. Wasiwasi ni wa mtu, si wa mfumo."

Msusi alipumua, kwa hasira lakini alipumua, na hapo Mkurugenzi akapata wazo. Kesho yake kulikuwa na hafla, na ratiba ilihitaji mwananchi mmoja mwenye wasiwasi, wa kuonyeshwa jukwaani kama mfano. Huyu alikuwa ameiva. Akamwambia aje, na kwamba Waziri mwenyewe atasikia shida yake. Msusi akakubali, maana mfa maji haishi kutapatapa.

Hafla yenyewe haikuwa ya mchezo. Mkurugenzi alikuwa ameteuliwa kuwa Katibu Mkuu wa wizara, na angeapishwa Jumamosi asubuhi huko huko kituo cha mwisho, ambako wakubwa walikuwa kwenye mapumziko ya kikazi. Mkewe alishawaambia dada zake wote, na mmoja alishaacha kumsalimia. Waziri alikuwa ametoa sharti moja dogo: mteule ashuke kwenye treni mbele ya kamera, akiwa na tiketi aliyoikata kwa mkono wake hadharani.

"Mimi nitatangulia kwa ndege," Waziri alimwambia, "nikupokee."

Treni ya Ijumaa jioni ilikuwa imejaa tangu juzi. Mkurugenzi hakushtuka, kwa sababu fundi wa mitambo alikuwa ameficha kiti kimoja, naye angekifungulia pale bosi atakapoanza kutafuta. Wananchi wangeona kwamba mtu akitulia, viti vipo.

Ijumaa ukumbi ulijaa, Waziri akiwa mstari wa mbele kabla ya kwenda kupanda ndege. Simu ya Mkurugenzi iliunganishwa na skrini kubwa ukutani. Msusi aliketi jukwaani na kibao shingoni kilichoandikwa "Wasiwasi", mfuko wa nguo za mtoto mchanga miguuni, macho kwenye simu aliyoazima kwa shoga yake, muuza viatu. Alikuwa anatafuta treni, hakuna, anatafuta tena, hakuna. Mkurugenzi aliona ni utovu wa adabu, lakini akainua simu yake.

"Tazameni mkono wangu," aliwaambia watu. "Umelala."

Akaandika jina, akachagua kituo. Kiti kimoja kikatokea. Watu wakapiga makofi. Akabonyeza kitufe cha kulipa, akatabasamu, akasubiri.

Kiduara kikaanza kuzunguka.

Kikazunguka. Mkurugenzi hakuwahi kukiona kwa karibu. Hakikuwa na haraka. Alifikiria kiapo, gari jipya lenye bendera, dada za mkewe. Kiduara kikasimama kidogo, kama kinachomfikiria na yeye, kikaendelea. Kijasho chembamba kikamtoka. Je, hela imekatwa? Je, kiti bado kipo? Mstari wa mbele alimwona naibu wake, kijana aliyepanda vyeo kwa kutogusa kitu chochote, anaitazama saa. Na kidole gumba cha Mkurugenzi, bila kuagizwa na kikao chochote, kikashuka tena kwenye kitufe.

Skrini ikawa nyekundu ukuta mzima. "Ndugu Abiria, una wasiwasi."

Kisha Waziri akasimama, akapiga makofi. "Mmeona? Mfumo haubagui! Hakuna mkubwa wala mdogo!" Ukumbi ukalipuka kwa shangwe, na Mkurugenzi akajikuta anapiga makofi na yeye.

Fundi wa mitambo alirukia kompyuta yake akirejeshe kiti, lakini kiti kilikuwa kimesharudishwa kwa wananchi waliotulia. Na mwananchi mmoja aliyetulia akapiga kelele jukwaani.

"Nimekipata!" Msusi alikuwa ameinua simu ya muuza viatu juu. "Nimebonyeza mara moja tu, nikaikalia!"

Mkurugenzi alimsogelea Waziri, macho yamemtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Mheshimiwa, niruhusu niende kwa gari. Nitaendesha usiku kucha, asubuhi nitakuwa nimefika."

"Uapishwe na wasiwasi wako? Mwenye wasiwasi hapandi cheo. Si wewe uliyeandika? Pata ushauri kwanza."

"Basi nikapate ushauri kwa gari."

"Kwani siku hizi ofisi inapokea wa magari?"

Mkurugenzi aliujua mpango huo vizuri, alikuwa ameupigania yeye mwenyewe katika vikao. Mzee mmoja nyuma akasema, kwa sauti ya kusikika, "Mkuki kwa nguruwe," na wenzake wakamalizia.

Waziri alimgeukia naibu. "Wewe kijana, umeshawahi kuwa na wasiwasi mtandaoni?"

"Sijawahi kukata tiketi, Mheshimiwa."

"Huyu ndiye mtu. Chukua begi, utapanda ndege na mimi."

Naibu akainuka taratibu, akanyoosha tai.

Msusi naye alikuwa amevua kibao, mfuko wa nguo za mtoto kwapani. Aliposhuka jukwaani alisimama mbele ya Mkurugenzi, akamtazama, na hakukuwa na ubaya machoni pake, jambo lililomuuma zaidi.

"Pumua, bosi," alimwambia. "Wasiwasi ni wa mtu, si wa mfumo."

Akatembea hadi mlangoni, akageuka.

"Na mimi namba yangu bado imefungwa. Mjukuu akishazaliwa nitapita kwenye hiyo ofisi yako. Nikushikie nafasi kwenye foleni?"

Ukumbi mzima ulicheka, Waziri akiwa wa kwanza. Mkurugenzi alitazama skrini nyekundu, akamtazama naibu anayeondoka, akaweka simu mfukoni.

"Nishikie, mama," alisema.