Mazoezi ya Usingizi

Jumatatu, 3 Juni
Mtoto hakulala tena. Miezi mitano tu duniani, tayari ananiendesha! Mke wangu kasema wiki ikiisha hivi, Jumamosi anamchukua mtoto na kuhamia kwa mama yake. Sitaki hata kufikiria. Nyumba bila hao wawili ni ya nini?

Lakini nimegundua dawa. Cherehani ikianza kulia, mtoto anasinzia papo hapo! Nimemlaza karakanani, kwenye kapu la vitambaa, asubuhi hadi jioni. Mazoezi ya kulala. Akiyazoea mchana, usiku hautamshinda.

Jumanne, 4 Juni
Amekesha. Macho makavu, anacheka! Sielewi. Hodari namna ile mchana, usiku anasahau vipi? Mazoezi hayatoshi. Leo nimeongeza saa mbili. Nimeshona hata mapazia ambayo hakuna aliyeyaagiza.

Alhamisi, 6 Juni
Mama mkwe kaja. Kachungulia kapuni, kasema eti mtoto anaumalizia usingizi wote humu. Usingizi unaisha, kwani sukari? Nimemwitikia kwa adabu zote, nikaendelea kukanyaga cherehani. Wivu tu.

Jioni mwalimu mkuu akaja kujaribu suruali ya harusi ya binti yake. Mguu ukaingia, ukagoma kutokea. Kumbe nilisinzia kazini, nikashona miguu yote miwili ikazibika chini! Nikamwambia ndio mtindo wa sasa. Kaondoka amenuna.

Jumamosi, 8 Juni
Wameondoka. Mke wangu hakugomba hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Nimeokota soksi moja ya mtoto chini ya kitanda, nikakaa nayo mkononi. Nyumba kimya kabisa. Na mimi sasa silali!

Jumatatu, 10 Juni
Maajabu! Kwa bibi yake mtoto kalala usiku kucha, siku mbili mfululizo. Eti mchana kutwa wanamchezesha uani. Bahati tu.

Nimekwenda kuomba radhi. Mke wangu kakubali kurudi kwa sharti moja: mchana mtoto asionekane karakanani. Nimeapa mbele ya mama mkwe, mkono kifuani.

Jumanne, 11 Juni
Mimi si mtu wa kuvunja kiapo. Mtoto hajaingia karakanani hata dakika moja. Mke wangu alipoondoka kwenda kazini, nikaibeba cherehani hadi chumbani, nikaiweka kando ya kitanda cha mtoto. Kalala tangu saa mbili asubuhi, malaika wangu! Sasa ni saa kumi jioni, na bado.

Leo usiku tutalala fofofo.